Bukta ya Baiskeli kwa Safari Ndefu: Namna ya Kuchagua Isiyochubua

Sehemu kubwa ya huduma zinazofika vijijini hufika kwa baiskeli. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii huitumia kumfuatilia mama mjamzito aliyekosa kliniki. Afisa ugani huipanda kwenda kukagua shamba la pamba lililoshambuliwa na wadudu. Mfanyabiashara wa samaki hutoka mwaloni alfajiri ili awahi gulio kabla jua halijapanda. Kwa watu hao, mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa siku, kwenda na kurudi, si mchezo wala mazoezi ya viungo. Ni kazi. Na kazi hiyo husimama, aghalabu bila taarifa kwa yeyote, pale mwendeshaji anapopata mchubuko mahali ambapo hata kumweleza mwenzake ni aibu.

Mtu husema kwamba tairi limepasuka au mnyororo umekatika. Hasemi kwamba hawezi kukaa. Hubaki nyumbani siku tatu au nne, na kaya za kitongoji cha mwisho hukosa kutembelewa. Ilhali kinga ya tatizo hilo inajulikana, nayo si dawa bali ni vazi: bukta ya kubana iliyoshonewa sponji sehemu ya kukalia. Wengi wameiona kwenye runinga ikivaliwa na wanamichezo, yakiwemo mashindano ya ubingwa wa dunia yaliyofanyika Kigali, Rwanda, Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza ya aina yake kufanyika katika ardhi ya Afrika. Siku ya mwisho wanaume walishindana kwa umbali wa zaidi ya kilomita 260 wakipanda na kushuka vilima vya mji ule. Bukta zile hazikuvaliwa kwa urembo.

Tatizo ni kwamba bukta za namna hiyo zinazouzwa madukani na minadani hazilingani kwa ubora, na mnunuzi asiyejua cha kutazama huchagua ile yenye sponji nene kuliko zote akiamini kuwa ndiyo yenye starehe. Mara nyingi huwa amekosea. Katika maelezo yanayofuata, sehemu ile ya sponji iliyoshonewa ndani ya bukta itaitwa kikalio.

Kinachotokea kati ya mwili na tandiko

Mtu anapoketi juu ya tandiko la baiskeli, uzito wa kiwiliwili chake hutua kwenye mifupa miwili ya chini ya nyonga, mmoja kila upande wa kalio. Mifupa hiyo huweza kuguswa kwa vidole iwapo mtu ataketi kwenye benchi la mbao na kupenyeza viganja chini yake. Maumbile yameiandaa kubeba uzito. Kati ya mifupa hiyo ipo sehemu laini iitwayo msamba, inayoanzia sehemu za siri hadi njia ya haja kubwa, na ndani yake hupita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Msamba haukuumbwa kubeba uzito. Ukigandamizwa kwa muda mrefu, mwendeshaji huhisi ganzi sehemu za siri, jambo ambalo wanaume wengi hulipuuza na wanawake wengi huliona fedheha kulitaja.

Mambo mawili mengine huongezeka juu ya mgandamizo huo: msuguano na unyevu. Mwendeshaji wa kawaida huzungusha pedeli takriban mara 60 kwa dakika. Kwa safari ya saa mbili, kila paja limepanda na kushuka mara 7,200, na kila mara ngozi ya ndani ya paja imesuguana na kitambaa, mshono au ukingo wa tandiko. Jasho likishalowesha ngozi, ngozi hulainika na kuchubuka kwa urahisi zaidi. Vijidudu hupenya kwenye mchubuko au kwenye vitundu vya vinyweleo, na kilichoanza kama wekundu huwa kipele, kipele huwa jipu.

Hakuna aliye hodari kiasi cha kulidharau jambo hili. Mwaka 1987, Sean Kelly wa Ayalandi, miongoni mwa waendesha baiskeli waliokuwa wakiogopwa sana zama zake, alikuwa akiongoza mashindano ya kuizunguka Hispania zikiwa zimesalia siku tatu tu. Jipu la tandiko lilimlazimisha kujiondoa. Alirudi mwaka uliofuata akatwaa ubingwa huo, lakini ule wa 1987 ulichukuliwa na mtu mwingine. Ikiwa bingwa mwenye daktari na mkandaji wake alishushwa na jipu, mhudumu wa kijiji asionewe uvivu akishushwa nalo.

Bukta nzuri ya baiskeli ina kazi tatu kwa wakati mmoja: kutawanya uzito ili usijikusanye sehemu moja, kuhamisha msuguano kutoka kwenye ngozi kwenda kwenye kitambaa, na kuondoa jasho lisitulie. Kila kipengele cha kutazama dukani hutokana na mojawapo ya kazi hizo.

Unene si ulaini, na ulaini si starehe

Kila aliyewahi kununua godoro analijua somo hili. Godoro linalobonyea kwa raha mkono unapolikandamiza dukani ndilo ambalo, baada ya miezi michache, humfikisha mlalaji kwenye chaga za kitanda. Sponji ya kikalio hufuata kanuni hiyohiyo. Kinachoibeba mifupa kwa saa tatu si wingi wa sponji bali msongamano wake, yaani uzito wa malighafi iliyomo katika ujazo uleule. Watengenezaji wanaoheshimika huonyesha kipimo hicho kwa kilo kwa mita ya ujazo, na bukta za safari ndefu aghalabu hutajwa kuwa kati ya 80 na 120. Lebo nyingi za madukani hazisemi chochote kuhusu hilo, hivyo mnunuzi ategemee kidole chake.

Jaribio ni rahisi. Kikalio hushikwa kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali ambapo mfupa utatua, kisha hubanwa kwa nguvu. Iwapo vidole vinakutana mara moja na kuhisiana kama vile kati yao hamna kitu, sponji hiyo itakuwa imekufa kabla ya kilomita ya kumi. Iwapo inagoma kidogo, ikabonyea kwa shida na kurudi haraka ilivyokuwa, inafaa. Sponji nyembamba inayogoma ni bora kuliko nene inayosalimu amri.

Unene uliopitiliza una madhara yake. Kikalio kinene cha sponji laini hujikunja kati ya mapaja, na kila mkunjo ni kisu kidogo kwa ngozi. Vilevile mifupa huzama ndani yake na sponji ya katikati huinuka kuugandamiza msamba, sehemu ileile iliyokusudiwa kulindwa. Ndiyo sababu vifuniko vya tandiko vilivyojaa sponji nene, vinavyouzwa kwa wingi kwenye vibanda vya vipuri, huwapa watu raha ya nusu saa ya kwanza na ganzi baada ya hapo.

Kikalio kilichoundwa vizuri hakina unene mmoja. Huwa kinene zaidi nyuma, mahali pa mifupa miwili, hupungua kuelekea mbele, na kingo zake huishia kwa wembamba kabisa hata mkono ukipitishwa usihisi mahali kinapokoma. Vingi huwa na mfereji katikati ili msamba upumue. Ukingo mnene uliokatwa wima ni dalili ya kazi ya haraka. Ukingo huo ndio utakaochora mstari mwekundu kwenye paja.

Kitambaa cha juu ya kikalio, kile kinachogusa ngozi, nacho kina historia yake. Zamani bukta za mashindano zilifumwa kwa sufu, na sehemu ya kukalia ilishonewa ngozi laini ya mnyama jamii ya mbuzi wa milima ya Ulaya. Ngozi hiyo ilikakamaa kila ilipofuliwa, na waendeshaji walilazimika kuipaka mafuta ili ilainike tena. Mwaka 1958, mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont nchini Marekani alibuni nyuzi za kuvutika zinazojulikana kama spandeksi, na baadaye vitambaa vyenye nyuzi hizo vikachukua nafasi ya sufu. Siku hizi kikalio hufunikwa kwa kitambaa cha nyuzi za viwandani kinachopitisha jasho haraka. Pamba, pamoja na sifa zake zote, haifai hapa: hunywa jasho na kukaa nalo.

Namna mtu anavyoketi ndiyo inayoamua umbo la kikalio

Hili ndilo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na pengine hawalijui. Bukta nyingi zinazoingia sokoni zimeundwa kwa ajili ya mwanamichezo anayeinama mbele, mgongo ukiwa karibu kulala na mikono ikishika usukani wa chini. Mtu akiinama hivyo, nyonga hubiringika mbele na uzito husogea kuelekea mbele ya tandiko. Kikalio cha bukta hiyo kwa hiyo hurefushwa mbele na kufanywa chembamba nyuma.

Mwendeshaji wa Phoenix na baiskeli nyingine za mzigo haketi hivyo. Usukani wake uko juu, mgongo wake umenyooka kama aliyeketi kwenye kigoda, na karibu uzito wote wa kiwiliwili umetua nyuma, juu ya mifupa miwili, kwenye tandiko pana lenye springi. Akivaa bukta ya mashindano, hata ya bei ya juu, sehemu iliyo nene itakuwa imekaa mbele ya mahali inapohitajika na mifupa yake itatua kwenye ukingo. Atalalamika kwamba bukta ni mbovu, kumbe ni nzuri kwa mtu mwingine. Anachopaswa kutafuta ni kikalio kipana nyuma na kifupi mbele, cha aina inayotengenezwa kwa waendeshaji wa mijini na wa safari za utalii.

Upana wenyewe unaweza kupimwa nyumbani. Kipande cha boksi lenye mawimbi ndani huwekwa juu ya benchi gumu. Mtu huketi juu yake akiwa amevaa nguo nyepesi, huinama kiasi kile anachoinama akiwa juu ya baiskeli, hunyanyua visigino kidogo na kutulia kwa dakika moja. Akiinuka, ataona mabonyeo mawili. Umbali kutoka katikati ya bonyeo moja hadi katikati ya jingine ndio umbali wa mifupa yake. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya sentimita 10 na 15, na kwa wanawake kwa wastani huwa mkubwa kuliko kwa wanaume. Maeneo mazito ya kikalio yanapaswa kuyafunika mabonyeo hayo na kuzidi kidogo pande zote. Vipimo hivyo havitegemei unene wa mwili: mtu mnene huweza kuwa na mifupa iliyokaribiana, na mwembamba akawa na iliyoachana.

Kwa sababu hiyohiyo bukta ya mwanamume na ya mwanamke si kitu kimoja chenye rangi mbili. Ya mwanamke huwa pana zaidi nyuma, fupi mbele, na haina mshono unaopita katikati. Mwanamke anayevaa ya kaka yake atavumilia safari fupi, lakini zile ndefu zitamwonyesha tofauti.

Kuijaribu dukani

Mnunuzi aijaribu bukta akiwa amevaa nguo nyepesi ya ndani, kwa ajili ya usafi wa atakayefuata, na asiipime kwa kusimama mbele ya kioo. Ikiwa bukta inamkaa vizuri akiwa amesimama wima, yamkini itakuwa imelegea akiwa juu ya tandiko. Bukta sahihi huvuta kidogo mbele mtu anaposimama, kana kwamba inamtaka ainame. Akiinama, mvuto huo huisha. Ajaribu kuchuchumaa, kuinua goti hadi kifuani, na ikiwezekana kuketi juu ya baiskeli yake aliyoiegesha nje. Kikalio kinapaswa kuugusa mwili pote na kisisogee mapaja yanaposogea. Kikining'inia kama nepi, hicho si kikalio cha mtu huyo.

Herufi za saizi haziaminiki. L ya kiwanda kimoja huweza kuwa M ya kingine, hasa kati ya nguo zilizokusudiwa masoko ya Asia na zile za Ulaya. Ni salama kwenda na vipimo vya kiuno, nyonga na paja kwa sentimita na kuvilinganisha na jedwali la lebo. Mishono ikaguliwe kwa kuigeuza bukta nje ndani: ile iliyolazwa bapa haichubui, ile iliyosimama kama ukuta huchubua. Mshono wowote unaopita mahali pa mifupa au katikati ya msamba ni sababu tosha ya kuirudisha bukta kwenye rafu. Mpira wa chini ya paja uwe mpana na ushike bila kukata. Mpira mwembamba hupanda juu, na bukta iliyopanda huacha ngozi ya paja ikisuguana na tandiko.

Zipo pia bukta zenye mikanda ya mabegani badala ya mpira wa kiunoni. Hukaa mahali pake bila kusogea na hazibani tumbo, hivyo wanaosafiri siku nzima huzipenda. Kasoro yake ni dhahiri kwa yeyote atakayehitaji kujisaidia njiani, maana shati lazima livuliwe kwanza. Kwa mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba, ya mpira wa kiunoni inatosha.

Nguo ya ndani haivaliwi

Hapa ndipo watu wengi huharibu bukta nzuri. Bukta ya baiskeli huvaliwa juu ya ngozi, bila chupi wala boksa ndani. Kikalio kimeundwa kugusa ngozi. Nguo ya ndani huleta mishono yake, ambayo hupita hasa kwenye mkunjo wa paja na kinena, pamoja na pamba inayoshikilia jasho. Aliyevaa vyote viwili amelipia kinga kisha akaweka kitu cha kuchubua kati yake na kinga hiyo.

Suala la stara lina jibu jepesi. Hakuna anayetarajiwa kuingia ofisi ya kijiji au uani kwa watu akiwa na vazi la kubana mwili. Bukta huvaliwa ndani, na juu yake huvaliwa suruali pana, kaptula ya kawaida au sketi ya marinda isiyonasa kwenye mnyororo. Zipo bukta nyembamba zilizotengenezwa kwa kusudi hilo hasa, nazo huwa na joto dogo zaidi. Kwa siku za hedhi, pedi huweza kuvaliwa juu ya kikalio, ila ni vema iwe nyembamba na ibadilishwe mara mtu anapofika, kwa kuwa kingo zake zikilowa huchubua kama mshono.

Ya mitumba, na ya fundi

Bei ya bukta mpya nzuri si ndogo kwa mtu anayelipwa posho, na macho hukimbilia kwenye mabelo. Ikumbukwe kwamba Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya. Bukta inayovaliwa bila kitu ndani yake, kwa matumizi, ni nguo ya ndani, hata kama kwenye belo imechanganywa na jezi. Mbali na afya, sponji iliyokwisha kubeba mwili wa mtu mwingine kwa misimu miwili huwa imekwisha kazi, na spandeksi iliyochoka hairudi.

Fundi cherehani wa mtaani naye ana nafasi yake, ingawa si ile ambayo wengi huifikiria. Kukata kipande cha sponji ya godoro na kukishonea ndani ya taiti hakuleti kikalio: sponji hiyo hunywa jasho, kingo zake ni wima, na uzi wa kuishikilia hukaa palepale pasipotakiwa. Fundi hodari anaweza kurekebisha mpira uliolegea, kushona upya mshono ulioachia, au kushona kaptula pana ya kuvaa juu. Asiyemudu bukta yenye kikalio atapata nafuu kwa taiti ya kawaida ya kitambaa cha kuvutika isiyo na mshono wa katikati, iliyo safi na kavu, kwa kuwa angalau msuguano wa mapaja utapungua. Mgandamizo utabaki.

Kwa mwenye fedha ya kutosha bukta moja ya bei ya juu, bukta mbili za bei ya kati humfaa zaidi. Sababu ni kufua: bukta huvaliwa mara moja tu kabla ya kufuliwa, na kikalio huchelewa kukauka. Mwenye moja ataishia kuivaa mbichi siku ya pili.

Wanaoandaa bajeti za vitendea kazi nao wanahusika. Orodha ya ununuzi wa baiskeli za watoa huduma kwa kawaida hutaja pampu, kufuli, kengele na hata koti la mvua. Bukta huonekana ya anasa. Lakini baiskeli iliyoegeshwa ukutani kwa sababu mwenyewe hawezi kuketi haimfikii mgonjwa yeyote, hata ikiwa na kengele mbili.

Kufua, kuanika, na inzi wa nguo mbichi

Bukta hufuliwa siku ileile kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo kali, ikiwa imegeuzwa nje ndani, kisha husuuzwa hadi povu liishe kabisa, kwani mabaki ya sabuni huwasha ngozi yenye jasho. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe huua nyuzi za spandeksi, na kilainisha nguo huziba vitundu vya kupitishia jasho. Haikamuliwi kwa kusokotwa. Hukandamizwa ndani ya taulo.

Kuanika kunahitaji uangalifu wa pekee katika mazingira ya Afrika Mashariki. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini na karibu na ardhi. Mabuu yake hupenya kwenye ngozi ya atakayezivaa na kuota uvimbe unaofanana na jipu. Kwa nguo nyingine kinga ni pasi ya moto. Bukta ya baiskeli haipigwi pasi, kwa maana moto huyeyusha sponji na kuua mpira, na jua kali la kutwa nzima nalo huchakaza kitambaa. Njia iliyo salama ni kuianika ndani ya nyumba, karibu na dirisha lenye wavu linalopitisha upepo, na kutoivaa hadi kikalio kiwe kikavu mpaka ndani. Atakayeota uvimbe kwenye kalio wenye kitundu katikati, na kuhisi kitu kinachochezacheza, asiilaumu baiskeli, aende zahanati.

Kabla bukta haijalaumiwa

Zipo siku ambapo bukta ni nzuri na maumivu yapo palepale. Tandiko likiwa juu mno, nyonga hupepesuka kushoto na kulia kutafuta pedeli na ngozi husuguliwa kila mzunguko. Kipimo cha haraka ni kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Ncha ya mbele ya tandiko iliyoinuliwa hugandamiza msamba, na hakuna kikalio kitakacholisahihisha hilo; tandiko liwe sawa na ardhi. Mwendeshaji ajizoeze kuinuka juu ya pedeli kwa muda mfupi kila baada ya dakika kumi hivi, hasa kwenye mashimo na matuta, ili damu irudi.

Kwa safari za zaidi ya saa mbili, ngozi ya kinena na kingo za mapaja hupakwa kilainishi. Krimu maalumu zipo, lakini mafuta ya mgando yasiyo na manukato hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Kasoro yake ni kung'ang'ania kwenye kitambaa, hivyo yapakwe kidogo. Kunyoa kinena kwa wembe siku moja kabla ya safari huacha vijeraha visivyoonekana na vinyweleo vinavyoota kuelekea ndani. Kupunguza kwa mkasi kunatosha. Baada ya safari, bukta huvuliwa mara moja na mwili huoshwa. Kukaa nayo ikiwa imelowa huku mtu akipiga soga kibarazani ndiko kunakozaa vipele vingi kuliko safari yenyewe.

Mchubuko mdogo hupona kwa siku chache za kupumzika, kuoshwa kwa maji na sabuni na kuachwa mkavu. Usikamuliwe wala kutumbuliwa kwa sindano. Uvimbe unaokua, wenye usaha au unaoambatana na homa, unapaswa kuonwa na mtoa huduma wa afya, na mwenye kisukari asingoje hatua hiyo. Ganzi ya sehemu za siri inayoendelea baada ya kushuka kwenye baiskeli, au damu kwenye mkojo, ni ya kupelekwa kituo cha afya bila kuona haya. Watoa huduma wameshayasikia mambo hayo.

Bukta nayo huzeeka. Mwendeshaji aishike kila baada ya miezi michache na kurudia jaribio la vidole viwili alilolifanya dukani, kisha aivute mbele ya mwanga wa dirisha. Sponji isiyorudi ilivyokuwa, kitambaa kilichoanza kuonyesha upande wa pili, au mpira wa paja unaopanda wenyewe huonyesha kuwa bukta hiyo sasa inafaa kwa kulimia bustani, na fedha ya nyingine ianze kuwekwa kando.